Meza ya Reli ya Makambako

Tumezoea kuhakiki riwaya, tenzi na tamthilia, tukadhani kwamba kazi ya mikono haina la kuhakikiwa zaidi ya kusema imependeza au haikupendeza. Mimi nilifundisha walimu kwa miaka mingi, na katika somo la zana za kufundishia sikuchoka kuwaambia wanachuo kwamba zana yoyote ile, hata ya maboksi na udongo wa mfinyanzi, ni maandishi. Inasema jambo, na jambo hilo ama ni la kweli ama si la kweli. Kwa kipimo hicho nataka kuizungumza meza moja ya reli ndogo za mfano iliyoko Makambako, ndani ya darasa la shule ya msingi, ambayo watoto wa huko huiendea kama sisi tulivyoendea ngoma.

Aliyeitengeneza alikuwa mwanachuo wangu, na sasa ni mwalimu mwenye mvi zake. Ameniomba nisimtaje jina, nami namheshimu. Meza ina urefu wa mita nne na upana wa mita moja na nusu. Upande wa mashariki iko Dar es Salaam, na bahari yake ni kipande cha kioo kilichopakwa rangi chini. Kutoka hapo inaondoka TAZARA, inavuka bonde la Kilombero, inapita Mlimba, inapanda milima kwa madaraja na mahandaki hadi Makambako, kisha inaelekea Mbeya. Kaskazini yake ipo reli ya kati ya tangu enzi za Wajerumani, na kando yake reli mpya ya SGR hadi Dodoma. Kusini, nyuma ya vilima vya Ludewa, ameweka mgodi wa Mchuchuma, na makaa yake ni mkaa halisi wa jikoni uliopondwa.

Sasa nije kwenye reli zenyewe, maana hapo ndipo penye utamu. Hazikutoka kiwanda kimoja. Nyingine ni Peco na Hornby za Uingereza, alizoachiwa na wageni waliowahi kujitolea kufundisha. Nyingine ni Atlas za Marekani, alizozikuta katika mitumba. Nyingine hazina chapa inayosomeka, ni chuma tupu chenye kutu. Zote zina upana mmoja wa milimeta 16.5 kati ya chuma na chuma, na mtu asiyejua atasema basi, zitaungana tu. Haziungani hivi hivi. Vipande vya Peco alivyopata vina chuma chenye kimo cha milimeta 2.54, na vile vya Atlas milimeta 2.1. Tofauti haifiki nusu milimeta, lakini gurudumu dogo likifika hapo hurukaruka kama baiskeli kwenye mzizi, na kichwa cha treni huanguka ubavu.

Alivyolitatua jambo hili ni kazi ya kupigiwa mfano. Alichukua kile kibati kinachoshika ncha mbili za reli, nusu yake akaipondaponda kwa nyundo hadi ikawa bapa, akailaza reli fupi juu ya bapa lile na kuilehemu kwa risasi, hata migongo ya reli zote mbili ikawa sawa. Kisha akapitisha tupa taratibu, juu na upande wa ndani, kwa sababu gurudumu halitembei juu tu, linajibana pia ubavuni. Mataruma ya Peco ni manene kuliko yale mengine, naye akainua upande ulio chini kwa vipande vya boksi la viatu. Nilipitisha kidole kwenye viungo zaidi ya ishirini huku nimefumba macho, na sikukwama hata pamoja. Chuma chenye kutu alikiweka kwenye njia za pembeni za kuegesha mabehewa, mahali ambapo umeme ukikatika si neno. Huo nao ni uamuzi wa mtu mwenye akili.

Alikuwa pia na sanduku la reli za Märklin kutoka Ujerumani, safi kuliko zote, na watoto walimsihi azitumie. Hakuzitumia, na alifanya vyema. Mfumo ule hupitisha umeme katika vichomeo vidogo vilivyo katikati ya mataruma na kuurudisha kwa reli zote mbili kwa pamoja, ilhali mifumo mingine hupeleka umeme kwa reli moja na kuurudisha kwa ya pili. Ukivichanganya bila kujua, unasababisha shoti. Upana ni ule ule, na kwa macho zinafanana, lakini lugha ni mbali.

Kwa ufundi, basi, meza hii ningeipa alama za juu kuliko zote nilizowahi kutoa chuoni, na watakaonikumbuka wanajua kwamba sikuwa mkarimu wa alama. Ugomvi wangu uko kwingine.

Treni ya mkaa inaondoka Mchuchuma, inashuka Makambako, inaingia TAZARA, na ikifika chini inahamia kwenye njia panda ya reli, inaingia reli ya kati, halafu inajitupa kwenye SGR na kufika Dodoma bila mtu kugusa behewa. Watoto wanapiga makofi. Na hapo, ndugu msomaji, meza inasema uongo.

Reli ya kati ina upana wa milimeta 1,000. TAZARA ina milimeta 1,067. SGR ina 1,435. Ya kwanza ilianza kujengwa Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma 1914, kwa upana uliokwisha kutumika Tanga na katika reli ya Mombasa. Ya pili ilijengwa kati ya 1970 na 1975 na kukabidhiwa mwaka 1976. Wachina, ambao kwao hutumia 1,435, walikubali kuijenga kwa kipimo cha kusini mwa Afrika, ili mabehewa ya Zambia yapite moja kwa moja hadi bahari yetu. Wapo wanaocheka kwamba reli iliyojengwa ili kukwepa makaburu imevaa kiatu cha makaburu. Mimi sicheki. Zambia ilikuwa na reli yake tayari, na huwezi kumwokoa jirani kwa kumletea mlango usioingia katika fremu yake. Ya tatu imeanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024.

Tofauti ya TAZARA na reli ya kati ni milimeta 67, upana wa vidole vinne vya mkono wangu. Kwa kipimo cha meza ile, cha moja kwa themanini na saba, haifiki hata milimeta moja. Jicho halitaiona kamwe. Lakini gurudumu la reli ya kati ukiliweka juu ya TAZARA litadumbukia katikati, na hakuna tupa, risasi wala boksi la viatu litakaloliokoa. Kutofautiana kwa kimo ni jambo la fundi mvumilivu. Kutofautiana kwa upana ni jambo la winchi na vibarua. Ndiyo maana mwaka 1998 kilijengwa kituo pale Kidatu, ambapo tawi la reli ya kati kutoka Kilosa linakutana na TAZARA, ili mzigo ushushwe huku na kupakiwa kule. Kidatu haimo mezani. Mahali pake pana mti wa sponji.

Nilipomwambia haya, alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, shikamoo zangu zote ni zako, lakini Waingereza wenyewe walidanganya." Na ni kweli. Treni za Hornby hutengenezwa kwa kipimo cha moja kwa sabini na sita, zikawekwa juu ya reli ya milimeta 16.5, hivyo ukizikuza unapata upana wa kama milimeta 1,257, ambao haupo Uingereza. Wamecheza hivyo miaka na miaka na hakuna aliyekufa. Akaongeza kwamba watoto hawaji kutazama winchi.

Jibu la kwanza nalikubali nusu. Mwingereza hadanganyi juu ya njia anayopita treni yake, anadanganya juu ya unene wa tumbo lake tu. Jibu la pili silikubali kabisa. Watoto hawa wanaishi njiani mwa Mchuchuma. Tangu walipozaliwa wanasikia kwamba makaa yale na chuma cha Liganga vitachimbwa, na kwamba iko mipango ya reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay yenye matawi ya kufika huko, kwa upana wa SGR. Wanauliza kwa nini makaa hayatelemki tu Makambako, kwenye reli iliyopo tayari. Mezani wanaona yanatelemka. Atakayekuwa mhandisi au mbunge kati yao atakuwa amekwisha kufundishwa kwamba kuunga reli ni kibati na nyundo, na kazi nzuri ya mwalimu wake ndiyo itakayomfanya aamini.

Reli nyembamba za milimeta 12 zinatengenezwa, nazo zingefaa TAZARA na reli ya kati, ila hana fedha ya kuziagiza, na simlaumu. Dawa ipo rahisi zaidi. Ang'oe ile njia panda, avunje kiungo, aache nafasi ya vidole viwili kati ya njia na njia, na paitwe Kidatu. Winchi atatengeneza kwa spoki za baiskeli. Na pale Makambako, mahali tawi la Mchuchuma linapoingia TAZARA, aache nafasi nyingine kama hiyo, bila winchi na bila jina, watoto waulize. Nimempelekea spoki kumi na mbili. Mti wa sponji bado uko palepale, ingawa safari ya mwisho nilimkuta ameulegeza shina.