Ligeuze Blanketi Kwanza

Baridi ya Julai inapobana Njombe, Makete, Limuru na Kinangop, mablanketi ya kroshia hutolewa makabatini na kutandazwa juu ya makochi, vitanda na mabega ya akina bibi. Yanayovuta macho ni yale yenye mwinuko: vinundu vilivyojipanga safu kwa safu, misuko ya kikapu, vijumba vya mraba vyenye kina. Mnunuzi mgeni hupitisha kiganja juu ya vinundu, husifu, kisha huuliza bei. Mjuzi hulishika pembe, huligeuza na kuusoma upande wa nyuma kabla hajatia neno.

Ana sababu. Mshono ulioinuka husitiri mengi. Kwenye kitambaa bapa, kitanzi kimoja kilicholegea huonekana kutoka mlangoni. Kwenye kitambaa cha vinundu, kitanzi hichohicho hujificha, pamoja na fundo la uzi uliokatika na ncha iliyoachwa bila kufumiwa ndani. Uzuri wa mbele unaweza kununuliwa dukani kwa uzi mnene wenye rangi ya kupendeza. Unadhifu wa nyuma hauuzwi. Hutoka mkononi mwa mfumaji peke yake.

Huko nyuma vidole vitangulie macho. Vikipapasa taratibu, hukutana na punje ngumu mahali uzi ulipofungwa fundo na kukatwa fupi. Fundo la namna hiyo huachia baada ya kufuliwa mara kadhaa, na kwa kuwa kila mshono wa kroshia umeshikiliwa na wenzake, tundu dogo hupanuka wiki kwa wiki. Mfumaji makini huacha mkia wa uzi wa kama sentimita 15, akautia kwenye sindano butu na kuupitisha kati ya mishono, aende upande mmoja kisha arudi. Jaribio lake ni jepesi: livute blanketi kidogo kwa upana, kisha kwa urefu. Ncha zilizofumiwa vizuri hazichomozi.

Kisha vije vinundu vyenyewe, maana si vyote ni vya ukoo mmoja. Bisi hufumwa kwa mishono mirefu mitano iliyokamilika ndani ya tundu moja. Sindano huchomolewa kwenye kitanzi cha mwisho, huingizwa kichwani mwa mshono wa kwanza, na kile kitanzi huvutwa kipite hapo. Matokeo yake ni kifundo imara kilichosimama, chenye uwazi ndani. Kinundu cha kawaida nacho hutengenezwa kwa mishono mitano isiyomaliziwa, kila mmoja ukiacha kitanzi kwenye sindano, halafu yote hufungwa kwa mpigo mmoja. Hiki kina tabia yake: hupenda kutokeza upande ulio mbali na mfumaji. Ndiyo maana fundi hukifuma anapokuwa kwenye mstari wa nyuma, na hukizungushia mishono mifupi kulia na kushoto ili kisukumwe mbele. Blanketi ambalo vinundu vyake vingine vimesimama na vingine vimezama limefumwa na mtu aliyeiga picha bila kuelewa kinundu husukumwa na nini.

Mshono laini kuliko yote ni ule wa kuvimba, ambao vitanzi virefu huvutwa mara kadhaa katika tundu moja na kufungwa pamoja. Huo ndio wenye udanganyifu mwingi. Ukiwa mpya hupendeza kweli, lakini vitanzi vikivutwa kwa urefu usiolingana, au visipofungiwa juu kwa mnyororo mmoja wa kukaza, hufunguka na kuanza kunasa pete, hereni, zipu na kucha za mtoto. Unapoupima, bonyeza kwa dole gumba, uachie, kisha ingiza ncha ya kidole chini ya kitanzi kimoja. Kikirefuka kwa mguso mdogo, liache blanketi hilo.

Kuna pia mishono inayozunguka miguu. Badala ya kupita kwenye tundu la juu, sindano huzunguka mguu wa mshono wa mstari wa chini, kwa mbele au kwa nyuma. Kutokana na mbinu hiyo hupatikana msuko wa kikapu na vile vijumba vya mraba vinavyofanana na sega la nyuki. Kitambaa chake ni kinene, kina joto, na hula uzi bila huruma. Blanketi la kujifunika mtu mzima linaweza kumaliza kilo moja na kuendelea. Hakuna mtihani mgumu kuliko huu. Mguu mmoja uliozungukwa nyuma badala ya mbele huvunja ukuta wa kijumba, na jicho huenda moja kwa moja pale palipovunjika. Mtu aliyemaliza blanketi zima la vijumba bila ukuta hata mmoja kukatika anastahili heshima, hasa kama nyumbani kwake kuna watoto.

Maisha ya nyumbani hayawezi kuwekwa pembeni katika kupima kazi hii. Blanketi halimalizwi kwa kikao kimoja. Hufumwa kwenye benchi la kliniki, maharage yakiwa jikoni, mtoto mkubwa akisoma hesabu mezani na mdogo akivuta uzi chini ya kiti. Mkono uliotoka kukanda unga hauvuti uzi sawa na mkono uliopumzika. Mama anayesubiri homa ya mwanawe ishuke hukaza bila kujua. Jioni ya mazungumzo na mashoga zake hulegeza. Mambo hayo hubaki kwenye kitambaa, na mjuzi huyaona yakiwa mikanda: sehemu nzito, sehemu nyepesi, kisha nzito tena.

Mikanda hiyo ina hesabu yake. Chukua blanketi lililopangwa liwe na upana wa sentimita 130, kwa kipimo cha mishono 14 katika kila sentimita 10. Mstari mmoja utakuwa na mishono 182. Mkono ukikaza kidogo tu, mishono 15 ikaingia pale palipotosha 14, mishono ileile 182 hutoa sentimita 121. Sentimita tisa zimepotea na hakuna mshono uliorukwa. Ndiyo sababu ya kiuno kinachoonekana katikati ya mablanketi mengi ambayo wafumaji wake huapa kwamba walihesabu vizuri. Kweli walihesabu. Walichokosa ni futi ya mshonaji, iliyotakiwa kupita juu ya kazi kila baada ya mistari michache.

Kiuno kisichanganywe na mshazari. Ukingo unaoingia ndani hatua kwa hatua, kutoka chini hadi juu, una kosa jingine: mshono wa mwisho wa mstari unaachwa mara kwa mara, kwa kuwa mnyororo wa kugeuzia umehesabiwa leo na kusahauliwa kesho. Nyosha kamba kutoka pembe hadi pembe, kisha pembe mbili zilizobaki. Vipimo viwili vikilingana, na kingo zinazotazamana zikilingana, blanketi lina umbo.

Wafumaji wanaofanikiwa katika nyumba zenye shughuli wana desturi zinazoonekana kwenye kazi yao. Hawaachi katikati ya mstari wakiweza kufika mwisho. Sindano iliyoanza kazi, tuseme ya milimita 5, haiondoki kwenye mfuko wa kazi hiyo hadi imalizike. Kroshia huacha kitanzi kimoja tu kikiwa hai, kwa hiyo pini moja ya nepi ikipitishwa kwenye kitanzi hicho inatosha kuzuia mtoto asifumue kazi ya wiki. Zaidi ya yote, huchagua mshono unaojieleza wenyewe. Mpangilio wa mistari 12 tofauti unahitaji karatasi, taa na utulivu. Mpangilio wa mistari miwili inayopokezana, kama ule wa vijumba, humwonyesha mfumaji alipofikia hata akiitwa mara kumi, kwa sababu mstari wa chini unaonekana na kuguswa. Kumsifu aliyechagua mchoro mgumu akaujaza makosa, na kumpuuza aliyechagua mwepesi akaufuma bila doa, ni kupima tamaa ya mfumaji badala ya kazi yake.

Pochi ya nyumbani nayo huacha alama. Wengi hununua uzi robin mbili leo na tatu mwisho wa mwezi. Kiwandani uzi hutiwa rangi kwa mikupuo, na lebo huwa na namba ya mkupuo. Nyekundu mbili za jina moja zenye namba tofauti hazifanani, ingawa chini ya taa ya duka zinaweza kuonekana sawa. Lipeleke blanketi juani. Mstari mkali unaotenganisha kijani na kijani huonyesha mkupuo ulipobadilika ghafla. Fundi aliyeliona tatizo mapema hupokezanisha robin ya zamani na mpya, mistari miwili kwa miwili, mpaka macho yashindwe kupata mpaka. Upokezanaji wa namna hiyo ukigunduliwa, uhesabiwe kuwa sifa kubwa.

Kuhusu uzi wenyewe, akriliki ndiyo imeenea, kwa bei yake na kwa kuvumilia kufuliwa. Sufu hushinda kwa joto na hurudi kwenye umbo lake, lakini maji ya moto na kusuguliwa huifanya ishikane na kusinyaa. Pamba huonyesha mchoro wa mshono waziwazi, ila ni nzito na ikilowa huvutika. Vinundu vingi kwenye uzi wa pamba hufanya blanketi linaloning'inia na kurefuka kwa uzito wake. Anayetilia shaka lebo aombe kipande cha uzi akichome kwa uangalifu: sufu hunuka nywele zilizoungua, pamba hunuka karatasi na kuacha jivu laini, akriliki huyeyuka na kuacha tone gumu jeusi. Blanketi likiwa gumu kukunjika licha ya uzi mzuri, kosa liko kwenye sindano ndogo mno. Au mfumaji alifuata mwongozo wa Marekani akidhani ni wa Uingereza, nchi ambazo hutumia jina moja kwa mishono ya urefu tofauti.

Mablanketi ya vipande vya mraba vilivyounganishwa yanastahili ukaguzi wa peke yake, kwa kuwa kipande kidogo ndicho rafiki wa mama asiye na saa nzima ya kukaa. Kugawa kazi namna hii kuna historia. Njaa kuu ya Ireland ilipoanza mwaka 1845, wanawake wengi huko waligeukia lesi ya kroshia kupata fedha ya chakula. Katika eneo la Clones kazi iligawanywa: huyu alifuma mawaridi yenye petali zilizoinuka, yule majani, na mwingine akaunganisha vipande hivyo kwa wavu wenye vifundo vidogo. Muunganishaji ndiye aliyeamua kama kazi ya mikono mingi ingeonekana kuwa kitu kimoja. Ndivyo ilivyo hata kwenye blanketi la mama na binti zake watatu. Tazama pembe nne zinapokutana: kusiwe na tundu wala uvimbe. Vuta vipande viwili jirani. Uzi wa kuunganishia usiachie mwanga zaidi ya ule unaopita kwenye mishono mingine.

Ukingo wa nje humaliza hukumu ya umbo. Ukijaa mawimbi, mishono imezidi. Ukikunja blanketi kama bakuli, imepungua.

Kwa mtoto mchanga vigezo hubadilika. Nafasi kati ya mishono isiruhusu kidole chake kupita na kunaswa, na pindo la nyuzi au vishada vinavyoning'inia visiwepo. Madaktari wa watoto wa Marekani, kupitia chama chao, hushauri kwamba mtoto asilazwe na blanketi lolote lililo huru kitandani katika mwaka wa kwanza. Kwa hiyo blanketi lake ni la kumfunika akiwa amepakatwa au amebebwa mgongoni na mtu aliye macho. Bisi ngumu huacha alama kwenye shavu la mtoto aliyeegemea. Afadhali mwinuko mdogo wa punjepunje, unaopatikana kwa kupokezana mshono mfupi na mnyororo.

Mwulize muuzaji pia limefuliwa vipi. Blanketi la mwinuko hulazwa bapa likauke kivulini, juu ya mkeka au kanga. Pasi ya mkaa, isiyo na kipimo cha moto, ikigusa akriliki huulaza mwinuko moja kwa moja. Vinundu haviinuki tena na kitambaa hung'aa mahali palipoguswa.

Bei ijadiliwe kwa kukumbuka kwamba hadi leo kroshia halisi haifumwi kwa mashine viwandani. Zilizopo humo huiga sura yake tu. Kila kinundu kimepita kwenye vidole vya mtu. Ambaye bado hana fedha ya kununua jipya anaweza kwenda kuzoeza mikono kwenye mitumba, Memorial ya Moshi au Gikomba ya Nairobi, ambako mablanketi yaliyofumwa ng'ambo hujitokeza ndani ya marobota yakiwa yamekwisha kufuliwa kwa miaka. Humo huonekana wazi uchakavu unapoanzia: kwenye viungo, kwenye ukingo, na kwenye ncha zilizokatwa fupi. Likipatikana moja ambalo mwili wake ni mzima na ukingo ndio ulioachia, mfumaji hulinunua kwa bei ya tambara, hufumua ukingo wote, na kuufuma upya kwa uzi mpya wa unene uleule.