Siku ya Jembe: Rubani Anavyopima Ajira kwa Mizani ya Nyumbani

Karibu na uwanja wa ndege wa John F. Kennedy, New York, kuna mtaa uitwao Kew Gardens. Watu wa anga wameutania kwa miaka mingi kuwa ni "Crew Gardens", bustani ya wafanyakazi wa ndege, kwa sababu baadhi ya nyumba zake zimegeuka kile ambacho kijana wa Dar es Salaam angekiita geto. Utakuta vitanda vya dabodeka kama vya bweni, sare zimetundikwa nyuma ya mlango, na friji ambalo kila kopo lina jina la mwenyewe. Mwenye kitanda si mwanafunzi. Ni rubani, pengine kapteni, ambaye nyumba yake halisi, mwenzi wake na watoto wake wako Florida, Ohio au Texas.

Mtu wa nje huuliza kwa nini asihame. Rubani mwenyewe alipaswa kujiuliza jambo jingine kabla ya kutia saini: kazi hii, nikiifanya huku naishi nilipo, itanibakizia nyumbani kiasi gani? Wengi hulijibu swali hilo kwa kutazama ukubwa wa ndege na tarakimu za mshahara. Hapa tutalijibu kwa hesabu.

Foleni isiyorukwa

Kila kitu huanza na orodha. Katika mashirika ya ndege ya Marekani, rubani hupewa namba anapoajiriwa, na namba hiyo ndiyo humwamulia aina ya ndege, kituo cha kazi, zamu, likizo na siku ya kupanda ukapteni. Kila mwezi marubani huomba zamu wanazozitaka, na kompyuta hugawa kuanzia juu ya orodha kwenda chini. Wa juu huchagua Krismasi ya nyumbani, wa mwisho huokota kilichobaki. Akihamia shirika jingine, hata awe na saa elfu kumi angani, anaanza upya mkiani. Mhasibu akichoka na mwajiri huondoka na uzoefu wake na kuuuza kwa jirani kwa bei ya juu. Rubani huondoka na leseni tu, namba anaiacha.

Walio mkiani hawapati hata zamu kamili. Huwa marubani wa akiba, kama mchezaji wa benchi: wanalipwa kiwango cha chini kilichohakikishwa na kukaa wakisubiri simu. Kuna akiba ya taarifa ndefu, ambayo mtu anaweza kuisubiria akiwa kwake mji mwingine. Kuna pia akiba ya taarifa fupi, inayomtaka afike uwanjani ndani ya saa chache, mara nyingi mbili hivi. Hii ya pili ndiyo hujaza mageto.

Ili afike kituoni kutoka mji anaoishi, rubani hupanda ndege kama abiria wa nafasi iliyobaki, au hukalia kiti cha ziada kilichomo chumbani mwa marubani, kwa idhini ya kapteni wa ndege hiyo. Tangu mashambulizi ya 11 Septemba 2001, rubani wa shirika jingine haingii humo mpaka mfumo wa kompyuta uthibitishe kuwa bado ni mwajiriwa halali. Nauli hakuna, na uhakika pia hakuna. Ndege ikijaa, ukungu ukishuka au rubani mwenzake akiwahi kile kiti, anabaki chini. Mikataba mingi ya vyama vya marubani humkinga asiadhibiwe iwapo alilenga ndege mbili zenye nafasi na zote zikamwangusha. Lakini kinga hiyo nayo ina bei: anayelenga ndege mbili lazima aondoke nyumbani mapema, na saa hizo hazikatwi kwa mwajiri, zinakatwa kwa familia.

Ajira tatu, mwezi mmoja

Tumchukue rubani wa mfano. Anaishi Columbus, Ohio. Mke wake ni muuguzi, na wana watoto wawili, wa miaka saba na minne. Mezani ana barua tatu za ajira. Tarakimu zinazofuata ni za mfano pia, lakini zina umbo la mikataba ya kazi hiyo.

Barua ya kwanza inatoka kwa shirika kubwa lenye kituo New York. Mshahara ni mnono, na miaka ya mwanzo ni ya akiba ya taarifa fupi: siku 18 za kusubiri na siku 12 za mapumziko kwa mwezi, zikigawanywa katika mafungu manne ya siku tatu tatu. Kwenye karatasi, siku 12 zinapendeza. Sasa tuzifungue. Zamu ya mwisho inaisha saa mbili usiku, naye hawezi kuikimbilia ndege ya mwisho, kwa hiyo analala geto na kufika kwake adhuhuri ya siku ya kwanza. Siku ya pili yuko nyumbani kutwa. Siku ya tatu, kwa kuwa zamu ya kesho inaanza alfajiri, jioni yuko uwanjani na begi lake. Kila fungu limempa usiku mara mbili. Kwa mwezi mzima analala nyumbani kwake usiku 8.

Mwenzake mwenye mkataba huo huo na mshahara huo huo, ila anaishi dakika arobaini kutoka uwanjani, analala kwake usiku ule zamu inapoisha na usiku wa siku zote tatu. Hizo ni nne kwa kila fungu, 16 kwa mwezi, na bado hatujahesabu usiku wa akiba ambao simu haikulia. Umbali peke yake umekata usiku wa nyumbani nusu nzima, na hakuna mstari wa mkataba uliotaja jambo hilo.

Barua ya pili inatoka kwa shirika dogo linaloendesha ndege za masafa mafupi, lenye kituo hapo hapo Columbus. Mshahara ni mdogo. Safari ni nne kwa mwezi, kila moja ya siku nne, na kila moja humlaza nje usiku mara tatu. Usiku 12 nje, 18 nyumbani. Anakwenda kazini kwa gari lake.

Barua ya tatu ni ya kampuni ya ndege za kukodi. Ratiba haibadiliki, siku saba kazini na siku saba nyumbani, na kampuni humchukua kutoka uwanja wa mji anaoishi. Safari ya kwenda kuikuta ndege iko ndani ya siku za kazi. Katika siku 28 analala nje usiku 12 na kwake 16.

Kwa mizani ya usiku, ya pili imeshinda, ya tatu iko nyuma kidogo, na ya kwanza imeachwa mbali. Lakini mizani hiyo haitoshi, kwa kuwa usiku haufanani.

Mgeni siku mbili

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ingeweza kutungwa kwa ajili ya marubani. Siku ya kwanza baba analala usingizi wa kufidia, watoto wananyata koridoni. Siku ya pili anapikiwa, anatolewa matembezi, anaulizwa habari za miji. Ni siku ya tatu ndipo anaporudi kuwa mtu wa nyumbani: anajua nani ana homa, anaketi na daftari la hesabu la mtoto, anagombana na fundi bomba. Siku za kupewa jembe ndizo siku za familia, na ndizo za kuhesabiwa.

Tupime upya kwa kuhesabu siku ya tatu na zile zinazofuata. Barua ya tatu, yenye wiki nzima nyumbani, inatoa siku tano za jembe kila wiki ya mapumziko, kumi katika siku 28. Barua ya pili, ambayo siku zake 14 za mapumziko zimekatwa katika mafungu ya siku tatu na nne, inatoa sita. Barua ya kwanza inatoa sifuri: kila siku ya tatu ndiyo siku ya kufunga begi. Baba huyo atakuwa mgeni mwaka mzima, tena mgeni mwema, asiyekaa hadi akachosha.

Kile ambacho sheria haihesabu

Kanuni za shirikisho za Marekani zilizoanza kutumika 4 Januari 2014 zinawataka marubani wa ndege za abiria wapate angalau saa 10 za mapumziko kabla ya zamu, zenye nafasi ya kulala saa 8, na saa 30 mfululizo bila kazi katika kila saa 168. Ndege za mizigo hazikuingizwa katika kanuni hizo. Safari ya rubani kutoka kwake hadi kituoni haihesabiwi kuwa kazi. Wajibu ni wake kufika akiwa amepumzika na kuthibitisha kwamba yu mzima wa kuruka.

Chanzo kikubwa cha kanuni hizo kilikuwa ajali ya 12 Februari 2009, ndege ya Colgan Air 3407 iliyotoka Newark ikaanguka karibu na Buffalo na kuua watu 50, mmoja wao akiwa nyumbani kwake. Kapteni alikuwa anaishi Florida. Rubani msaidizi alitoka upande wa Seattle, akavuka bara usiku kucha akibadilisha ndege Memphis. NTSB, bodi inayochunguza ajali, iligundua kwamba kati ya marubani 137 wa kampuni hiyo waliokuwa na kituo Newark, 93 walikuwa wakisafiri kutoka mbali. Bodi iliweka sababu ya ajali kwenye namna kapteni alivyoitikia onyo la ndege kupoteza mwendo. Kuhusu uchovu, ilisema yamkini uliwaathiri wote wawili, ila kiasi chake hakikuweza kupimika. Mwaka 2011 Baraza la Taifa la Utafiti likatoa ripoti juu ya safari hizi na halikupendekeza kikomo cha umbali, kwa kuwa ushahidi uliokuwapo haukutosha kukiweka.

Kwa rubani wetu hii ina maana moja: hakuna mtu mwingine atakayemfanyia hesabu hii. Mwajiri anahesabu saa za zamu, na serikali vivyo hivyo.

Orodha nayo hutembea

Je, barua ya kwanza itupwe? Hapana, kwa sababu mwezi tulioupima ni mwezi wa mwajiriwa mpya, na orodha haisimami. Walio juu hustaafu kwa lazima wafikapo miaka 65. Rubani akishapanda vya kutosha huacha akiba na kuomba safari zinazoanza mchana na kuisha asubuhi, hivyo anatoka kwake siku hiyo hiyo ya kazi na kurudi siku hiyo hiyo inapoisha. Akizipata zote, safari nne za siku nne zinampa mpaka usiku 18 nyumbani, sawasawa na barua ya pili, kwa mshahara mkubwa zaidi.

Hapa pana kitendawili kinachowapita wengi. Kituo kinachopendwa, chenye nyumba nafuu na hewa nzuri, hung'ang'aniwa na wakongwe, na mgeni anaweza kukalia benchi miaka. New York, ambako wengi hawataki kuishi, kwa kawaida hupokea walio mkiani na kuwapandisha haraka. Kwa anayesafiri kutoka mbali, kituo kisichopendwa chaweza kuwa bora kuliko kilicho karibu kidogo na kwake lakini kimejaa wazee wa kazi.

Kitendawili cha pili ni ukapteni. Anayepanda cheo ndani ya shirika lake hushuka foleni: kutoka juu ya orodha ya wasaidizi hadi chini ya orodha ya makapteni, pengine akiba tena, pengine kituo kingine. Mwaka 2023 chama cha marubani wa United kilieleza kwamba karibu nusu ya nafasi za ukapteni zilizotangazwa katika mwaka uliotangulia zilikosa watu. Watu walikataa nyongeza ya mshahara ili wasirudi kuwa wageni majumbani mwao.

Na kuhama? Kunafuta tatizo lote kwa mkupuo, lakini si bima. Pittsburgh, St. Louis na Cincinnati zote ziliwahi kuwa vitovu vikubwa vya safari za ndege, kisha mashirika yakazipunguza hadi zikawa viwanja vya kawaida. Waliokuwa wamejenga huko wakajikuta wasafiri bila kuhama hatua moja. Kwa marubani wa Afrika Mashariki wanaokwenda Emirates au Qatar Airways swali hukatwa mapema zaidi: kituo ni kimoja, Dubai au Doha, na anayeacha familia Nairobi ana bahari katikati.

Uamuzi

Tofauti kati ya akiba ya New York na kituo cha nyumbani ni usiku 10 kwa mwezi, 120 kwa mwaka. Rubani wetu aulize marubani walioajiriwa na shirika hilo kabla yake: mliitoka akiba baada ya muda gani, katika kituo hiki, kwenye ndege hii? Jibu likiwa miaka miwili, bei ni usiku 240, na mkubwa wa watoto atakuwa na miaka tisa baba anapoanza kupata zamu za kuchagua. Hapo ningemshauri aichukue barua ya kwanza upesi, kwa kuwa kila mwezi wa kusitasita unaweka watu mbele yake kwa maisha yote ya kazi. Jibu likiwa miaka mitano, bei ni usiku 600, na mtoto atakuwa na kumi na miwili. Hapo barua ya tatu, yenye siku kumi za jembe kila siku 28, ndiyo tajiri kuliko zote.

Kati ya miwili na mitano karatasi haitaamua. Hiyo ni sehemu ya kuketi na mke mezani, kalamu ikiwa mkononi mwake yeye, maana anayejua thamani ya siku ya tatu ni yule ambaye siku zote hubaki na jembe.