Kejeli ya Mtalaka: Lelemama na Malezi katika Mji wa Kale wa Mombasa

Wahakiki wamezoea kuzitazama nyimbo za lelemama kwa upande wa ushindani wake tu. Vyama vya wanawake wa Mombasa, kama vile Ibinaal Watan na Banu Saada, vilishindana kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuchekana. Margaret Strobel ameyaeleza hayo katika kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya wanawake Waislamu wa mji huo. Hapa tunakusudia kuuliza swali jingine: ni nani aliyekuwa na la kupoteza zaidi alipomcheka mwenziwe hadharani?

Kwa maoni yetu, ni mwanamke aliyeachwa akabaki na watoto. Mke wa mtu, akijibiwa, husitiriwa na jina la mumewe. Mtalaka hana sitara hiyo. Kejeli aliyoitoa humrudia mlangoni, na watoto wake ndio wanaoisikia mitaani, Kibokoni au Kuze. Tena gharama za sare na karamu hutoka katika mfuko ule ule unaolisha nyumba. Ni kweli kwamba haombi ruhusa ya mume ili aende ngomani. Lakini lazima atafute wa kumwachia mtoto.

Kwa hiyo hatukubali kwamba fumbo ni pambo la lugha tu. Fumbo ni ngao. Aliyeimbwa kwa mfano wa ndege au tunda hawezi kulalamika pasi na kukiri kwamba mfano ni wake. Wasikilizaji hucheka, na mwimbaji husalimika.

Masimulizi ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Bi Mishi wa Abdala na Bi Shamsa Muhamad Muhashamy, yaliyohaririwa na Sarah Mirza na Strobel na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 1989, kisha kwa Kiswahili mwaka 1991, yana sifa kubwa: ngoma, ndoa na talaka husimuliwa kwa pumzi moja. Hata hivyo, wimbo unaotamkwa mbele ya kinasa sauti hauna mpinzani wa kuujibu. Msomaji hupata maneno, akakikosa kicheko.

Basi yafaa wakusanyaji waandike, pamoja na kila ubeti, nani aliimba, nani alilengwa, na watoto walilala kwa nani usiku ule. Tusipofanya hivyo tutaendelea kuyaita matusi yale yaliyokuwa sanaa, tena sanaa ya gharama.