Kisu, Sihiri na Msomaji wa Gatwekera

Mwenye kutaka kujua kama riwaya ya sihiri na damu yamfaa kijana wa Kibera au Kawangware, mitaa ya Nairobi, asianze kwa kuhesabu maiti zilizomo. Na atazame kurasa zinazofuata kila mauti, kwa kuwa humo ndimo mwandishi hudhihirisha kama muradi wake ulikuwa kutisha ama kufahamisha.

Kwa mizani hiyo nimeipima Children of Blood and Bone, riwaya ya Kiingereza iliyotolewa 2018 na Tomi Adeyemi, Mmarekani mwenye asili ya Nigeria. Zélie, msimulizi wake mkuu, alishuhudia utotoni mama yake akining'inizwa mtini kwa mnyororo na askari wa Mfalme Saran. Na yeye mwenyewe, katika ujana wake, hufungwa, na kisu kikachonga neno la tusi mgongoni mwake. Sura hiyo ni nzito, nami niliisoma kwa kusitasita. Walakini kilichoinusuru machoni pangu ni kwamba jeraha halipotei ukurasa unapofunuliwa: Zélie huokolewa, lakini hawezi tena kuihisi sihiri iliyokuwa ikichemka damuni mwake, na msomaji hulazimika kukaa naye katika utupu huo.

Fasihi yetu nayo haikuwaficha vijana giza. Katika Adili na Nduguze, kitabu cha Shaaban Robert cha 1952, ndugu wawili waliogeuzwa manyani huchapwa kila usiku, na mshika mjeledi ni ndugu yao wa damu.

Wako wasemao kwamba mtoto wa mitaa hii ameona ya kutosha. Ni kweli Kibera iliungua katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa 2007, na Kawangware ikaona damu 2017. Lakini aliyeyaona hayo pasipo kuelezwa ndiye hasa mwenye haja ya hadithi, na Adeyemi ameeleza mwishoni mwa kitabu kwamba alikiandika kwa uchungu wa watu weusi waliouawa na polisi huko Marekani.

Hofu yangu iko chumbani. Katika nyumba ya mabati ya Gatwekera kule Kibera au Gatina kule Kawangware, ambamo pazia ndilo ukuta, binti wa miaka 15 asomapo kwa sauti, mdogo wake wa miaka 8, aliyedhaniwa amelala, hukisikia kile kisu.

Hukumu yangu ni kwamba kitabu hiki chamfaa kijana wa miaka 14 na zaidi, sura ya kisu isomwe kimya, na mtu mzima anayempa awe amekwisha kukisoma mpaka ukurasa wa mwisho.