Sailensa Mpya kwa Interceptor 650: Kazi Iko Kwenye Viungo

Malalamiko makubwa juu ya Royal Enfield Interceptor 650 hayahusu nguvu wala breki. Ni kwamba imenyamaza mno. Mtu anaitazama: tangi la chozi, magurudumu ya spoki, mabomba mawili ya kromu yaliyolala ubavuni, sura yote ya miaka ya 1960. Anawasha, anasikia mnong'ono. Ndipo anapoanza kutafuta sailensa za kubadilishia, na ndipo anapokutana na ahadi za wauzaji: sauti, wepesi, nguvu. Ahadi mbili za kwanza ni za kweli. Ya tatu inahitaji kuchambuliwa, kwa sababu wanaoiamini ndio wanaoifanya kazi hii vibaya.

Kwanza pikipiki yenyewe. Ilizinduliwa Milan mwezi Novemba 2017, ikirithi jina la pikipiki ya Kiingereza ya kampuni hiyohiyo. Hutengenezwa karibu na Chennai, India, ingawa kazi kubwa ya kuisanifu ilifanyika pia katika kituo cha kampuni huko Bruntingthorpe, Uingereza. Marekani inauzwa kama INT650, maana huko jina Interceptor linamilikiwa na Honda. Injini ina silinda mbili zilizosimama bega kwa bega, ujazo wa cc 648, inapozwa kwa hewa na oili, na inatoa nguvu farasi 47 ikipita kidogo mizunguko 7,000 kwa dakika.

Mlio wake hauanzii kwenye sailensa. Unaanzia kwenye krenki. Injini pacha za Kiingereza za zamani zilipandisha na kushusha pistoni zote mbili kwa pamoja, na silinda zikawaka kwa zamu kila baada ya digrii 360, hatua sawasawa. Wasanifu wa Interceptor mpya waliziachanisha shingo za krenki kwa digrii 270, mpangilio ambao Yamaha waliutumia kwenye TRX850 ya mwaka 1995 na ambao sasa umeenea. Silinda ya kwanza ikishawaka, ya pili inafuata baada ya digrii 270, halafu unakuja utulivu mrefu wa digrii 450. Masikio yanasikia mwendo wa mtu anayechechemea, na huo mchechemeo ndio watu wanaoupenda. Sailensa haiutengenezi. Inaamua tu ni kiasi gani chake kitatoka nje.

Sailensa za kiwandani kwa kawaida ni za vyumba. Moshi unaingia chumba cha kwanza, unageuzwa, unapenya kwenye kibomba chembamba hadi chumba kingine, na mawimbi ya sauti yanarudi nyuma na kukutana na yanayokuja hadi yanauana. Mpangilio huu unanyamazisha hata sauti nzito, lakini unakula chuma kingi, na chuma ni uzito. Sailensa nyingi za kubadilishia zimejengwa kwa njia nyingine: bomba moja lililonyooka, lenye matundu pande zote, limezungushiwa pamba ya kioo au ya mawe ndani ya ganda la nje. Sauti inapenya kwenye matundu na kupotelea ndani ya pamba. Pamba hiyo hunyonya vizuri sauti nyembamba na kali, nzito huipita. Kwa hiyo mlio unaotoka si mkubwa zaidi tu, umebadilika pia: makali yamepungua, besi imebaki. Hapo ndipo fedha ya mnunuzi ilipokwenda, na sioni aibu yoyote katika kununua sauti, mradi mtu ajue kwamba ndicho alichonunua.

Sasa nguvu. Vali ya kutolea moshi ikifunguka, wimbi la shinikizo linakimbia ndani ya bomba kwa zaidi ya mita 500 kwa sekunde, kwa kuwa gesi ya moto hupitisha sauti haraka kuliko hewa ya kawaida. Likifika mahali bomba linapopanuka ghafla, sehemu yake inarudi kuelekea injini, safari hii ikiwa ni mvuto. Mvuto huo ukifika kwenye vali wakati vali ya kuingizia na ya kutolea zote ziko wazi kidogo, unavuta mabaki ya moshi na kukaribisha mchanganyiko mpya. Ndiyo maana urefu na upana wa mabomba ya mbele ni hesabu nzito, na ndiyo maana ile imani ya vijiweni kwamba injini inahitaji kubanwa ili ivute ni nusu ya ukweli iliyosemwa vibaya: inachohitaji ni wimbi lifike kwa wakati wake.

Lakini kwenye Interceptor, kabla wimbi halijaiona sailensa limekwisha kupita kwenye bomba la kuunganishia pande mbili chini ya injini, kisha kwenye masega, yaani katalisti ya kusafisha moshi, ambayo iko sehemu ya mbele ya mfumo. Likifika nyuma limevunjika. Mtu anayebadilisha sailensa tu, akaacha mabomba ya mbele na masega, anagusa mkia wa hesabu. Nguvu anayoweza kuongeza ni ndogo, na makalio yake hayana uwezo wa kuipima, hata kama yataapa kwamba yameihisi. Uzito atakaoupunguza atauhisi kweli, hasa anapoisukuma pikipiki kuingia gereji.

Hoja yangu ni hii: sailensa ya kubadilishia hufaulu au kushindwa kwenye viungo. Msomaji aliyezoea Boxer ya kabureta hana sababu ya kulijua hili, kwa sababu kabureta haina habari na kinachotoka kwenye ekzosi. Interceptor inajua. Kwenye mabomba yake ya mbele kuna sensa za oksijeni zinazoonja moshi na kupeleka umeme mdogo kwa kompyuta ya injini, ile mafundi wanayoiita kontrol boksi. Volti ikiwa karibu 0.9, mafuta ni mengi. Ikishuka kuelekea 0.1, hewa ni nyingi. Katika mwendo wa kawaida kompyuta inahangaika kubaki katikati, gramu 14.7 za hewa kwa kila gramu ya petroli, kwa sababu hapo ndipo masega hufanya kazi vizuri.

Sensa haioni mafuta, inaona oksijeni tu, na haina njia ya kujua oksijeni hiyo imetoka wapi. Moshi hautoki kama maji ya mpira, unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo shinikizo ndani ya bomba hushuka chini ya lile la nje. Ikiwa kuna upenyo kwenye kiungo cha bomba na hedi, mbele ya sensa, hewa safi inafyonzwa ndani. Sensa inaripoti kwamba injini ina njaa. Kompyuta inaongeza mafuta ambayo hayakuhitajika. Plagi zinaweka masizi meusi, tangi linaisha upesi, na mwenye pikipiki anaanza kutafuta kifaa cha kurekebisha mafuta, akiamini sailensa mpya imemvurugia hesabu, wakati tatizo ni nati mbili zilizolegea.

Kutokana na hapo unakuja uamuzi wa kwanza wa kazi yenyewe: anayebadilisha sailensa tu asiguse viungo vya kwenye hedi. Viache. Gasketi zake za pete zimekwisha kubonyea na kukaa. Ukizilegeza, unapaswa kuweka mpya. Na kama kuna sababu ya kuzifungua, usipake silikoni ya kuzibia kama nyongeza. Mvuke wake huua sensa.

Kazi ianze injini ikiwa baridi kabisa, pikipiki imesimama wima kwenye stendi ya kati. Upande mmoja kwanza, wa pili ubaki umefungwa ili ushikilie mfumo. Klampu inalegezwa, kisha bolti ya kuning'inizia iliyo nyuma karibu na pegi ya abiria, huku mkono mmoja umeibeba sailensa, maana ikining'inia kwenye kiungo peke yake inalipinda bomba la mbele. Ikigoma kutoka, mafuta ya kulegeza kutu na subira. Zungusha kushoto na kulia huku ukivuta. Nyundo haina kazi hapa. Pigo moja kwenye ncha ya bomba linatosha kuliondolea umbo la duara, na bomba lisilo duara halitaziba tena hata kwa klampu ya dhahabu.

Ncha ikishakuwa wazi, isafishwe kwa msasa laini hadi chuma king'ae, kisha ipimwe kwa kalipa mara mbili, wima na mlalo, na mdomo wa ndani wa sailensa mpya upimwe vilevile. Watu wengi huruka hatua hii kwa kuwa boksi limeandikwa jina la pikipiki yao. Sailensa inapaswa kuingia kwa kusukumwa na mkono, bila kucheza. Ikicheza, kuna mikono ya grafaiti ya kuwekwa katikati, ambayo hujibana na kuziba joto linapopanda. Klampu nayo ina adabu yake: mwanya wake usikae juu ya mpasuo wa mdomo wa sailensa, la sivyo njia mbili za kuvuja zinakuwa moja. Bolti yake ielekezwe mahali spana itafika baadaye bila kufungua kitu kingine.

Sasa sehemu ambayo haraka huharibu kila kitu. Pande zote mbili zifungwe kwa vidole tu. Bolti ya kuning'inizia iingie kwenye tundu lake yenyewe, bila kuvutwa. Ikiwa unahitaji bisibisi ya kukongolea ili matundu yalingane, kuna kitu hakijakaa: labda sailensa haijaingia vya kutosha, labda kipande cha kuning'inizia kimegeuzwa. Ukilazimisha, nguvu uliyotumia haipotei. Inabaki ndani ya mfumo kama mkazo, injini inatetemeka, na baada ya muda mkazo huo unatafuta penye udhaifu: kuchomelea kwa mabano, au stadi za kwenye hedi zilezile tulizoapa kutozigusa. Hivi ndivyo kazi iliyofanywa nyuma ya pikipiki inavyozaa uvujaji mbele yake.

Kabla ya kukaza, rudi nyuma mita kadhaa na utazame. Mabomba mawili yasiyolingana yanaonekana kutoka mbali, hata kosa lenyewe likiwa dogo. Pima kutoka sakafuni hadi ncha ya kila sailensa, na kutoka kila ncha hadi kwenye ekseli ya nyuma. Kalia kiti, bonyeza shokabu, angalia kama mkono wa gurudumu unapita bila kugusa. Angalia njia ya stendi, nafasi ya spana kwenye nati ya ekseli, na kisigino cha abiria. Ndipo ukaze, ukianzia kwenye klampu upande wa injini na kumalizia nyuma, kwa kipimo cha kitabu cha mtengenezaji na spana ya kupimia. Mwisho futa alama zote za vidole kwa spiriti. Mafuta ya ngozi yakiungua kwenye chuma cha pua huacha doa la kudumu.

Kutafuta uvujaji kuna hila ndogo. Fundi huziba mdomo wa bomba kwa kitambaa sekunde chache injini ikiwaka, akisikiliza mlio wa moshi unaopenya. Kwenye pikipiki hii lazima azibe yote mawili kwa pamoja, kwa sababu ya lile bomba la kuunganishia. Ukiziba moja moshi unahamia upande wa pili na hutasikia kitu. Njia salama zaidi ni kupuliza hewa ya mashine ya kufyonzea vumbi kupitia bomba moja, injini imezimwa na bomba la pili limezibwa, huku viungo vimepakwa maji ya sabuni. Povu litakuonyesha.

Na ile milipuko midogo mtu anapoachia mafuta akishuka mlima? Ni petroli ambayo haikuungua ndani ya silinda, ikakutana na hewa kwenye bomba la moto. Kidogo ni kawaida, na kwa sailensa iliyo wazi unasikia tu kile ambacho ile ya kiwandani ilikificha. Kwenye Bonneville za Triumph zilizopozwa kwa hewa chanzo kimoja ni mfumo unaoingiza hewa kwenye ekzosi makusudi ili kusafisha moshi. Lakini milipuko ikianza siku chache baada ya kufunga sailensa mpya, nakagua klampu kabla ya kulaumu ramani ya mafuta.

Sauti ina mipaka yake kisheria, na India, nyumbani kwa pikipiki hii, si wapole: polisi wa Mumbai na Bengaluru wamewahi kulaza sailensa zilizobadilishwa barabarani na kuzipitishia roli la kushindilia lami. Uingereza, sailensa ya barabarani inapaswa kuwa na alama ya kiwango cha BS AU 193 au alama ya Ulaya ya herufi e. Kipimo cha pikipiki iliyosimama hufanywa kwa maikrofoni iliyowekwa nusu mita kutoka mdomo wa bomba, kwa pembe ya digrii 45. Kwa injini ambayo kilele cha nguvu kinapita mizunguko 5,000, hupimwa ikiwa nusu ya mizunguko ya kilele, yaani takribani 3,600 kwa Interceptor. Kile kizibo cha kupunguza sauti kinachoshikwa na skrubu moja ndani ya mdomo wa sailensa ndicho kinachoiruhusu kufaulu. Ongezeko la desibeli 3 ni nishati ya sauti mara mbili, hivyo anayekichomoa hafanyi mabadiliko madogo. Mimi ningekiacha, na skrubu yake ningeitia gundi ya nyuzi inayohimili joto.

Baada ya safari ya kwanza ya kupasha moto, iache ipoe usiku kucha, kisha kaza klampu upya kwa kipimo kilekile. Chuma kimetanuka na kurudi, grafaiti imekaa, na bolti iliyokuwa imekaza jana itakubali robo ya mzunguko.