Mnato, Uzito na Utulivu: Uhakiki wa Istilahi Tatu

Katika kujadili istilahi za mwendo wa giligili, yaani viowevu na gesi kwa pamoja, yafaa tuanze na "mnato". Shina lake ni kunata. Lakini kinachokusudiwa na wanafizikia ni msuguano wa ndani, tabaka moja likiteleza juu ya jingine. Mafuta ya mashine yana mnato mkubwa kuliko maji, na bado hutiwa ili vyuma visikwame! Hewa nayo ina mnato, ingawa hainati popote.

Yuko atakayependelea "uzito", kwani sote husema uji mzito, asali nzito. Hoja hiyo ina mvuto. Hata hivyo, mafuta ya kupikia ni "mazito" kuliko maji kwa maana hiyo, na juu ya maji huelea. Mwanafunzi ashike lipi? Basi mnato na ubaki, mradi ufafanuliwe.

Tusilolikubali ni "mtiririko tulivu", jina limjialo mfasiri upesi. Mwaka 1883 Osborne Reynolds wa Manchester alieleza jinsi uzi wa rangi ulivyonyooka katika maji ya bomba la kioo, kisha ukavurugika kasi ilipozidi. Lakini kasi haikuamua peke yake. Upana wa bomba, densiti na mnato vilihesabiwa pia. Katika bomba lile lile asali yaweza kuyapita maji kwa kasi, na matabaka yake yasichanganyike. "Mtiririko wa matabaka" hulisema jambo lenyewe; "tulivu" hutupeleka kwenye bahari isiyo na upepo.