Debian: namba ya zamani, kiraka kipya

Tarehe 1 Julai 2024 ulitangazwa udhaifu mkubwa katika OpenSSH, programu ambayo mafundi huitumia kuingia kwenye seva wakiwa mbali. Mvamizi mwenye subira angeweza kuitwaa seva nzima bila nywila. Waundaji wa OpenSSH waliuziba kwa toleo la 9.8. Mfumo endeshi wa Debian 12 ulibaki na toleo la 9.2, na kiraka chake kikatoka siku hiyohiyo.

Je, toleo la zamani linawezaje kuwa salama? Jibu liko mwishoni mwa namba. Baada ya kusasishwa, seva ilionyesha 1:9.2p1-2+deb12u3. Sehemu ya 9.2 ni toleo la asili. Deb12u3 ni sasisho la tatu la kifurushi hicho ndani ya Debian 12. Wanajamii wa Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993, walichukua marekebisho yanayoziba tundu hilo tu, wakayapachika kwenye msimbo wa zamani.

Ofisi inahitaji hasa utaratibu huu wa kuziba tundu bila kubadilisha toleo. Toleo jipya huja na mipangilio mipya, na mfumo wa mishahara uliokuwa ukifanya kazi vizuri Ijumaa unaweza kugoma Jumatatu. Kwa hiyo mkaguzi anayesoma namba ya mbele peke yake, kisha kuandika kwamba programu imepitwa na wakati, anaiponza ofisi. Fundi aliyebanwa na ripoti hiyo husakinisha toleo kutoka nje ya hazina ya Debian, na tangu hapo viraka vya Debian havimfikii tena kwa programu hiyo.

Thamani ya desturi hii ya kutokimbilia mapya ilionekana Machi 2024. Andres Freund, mmoja wa wachangiaji wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kwamba kuingia kwa SSH kwenye mashine yenye Debian sid, tawi lisilo imara la Debian, kunachelewa kama nusu sekunde. Alifukua hadi akakuta mlango wa siri uliofichwa ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana data. Seva za Debian 12 zilikuwa bado na xz 5.4.1.

Hata hivyo, kusakinisha kiraka si kumaliza kazi, na hapa ndipo ofisi nyingi hujikwaa. Programu ya unattended-upgrades hushusha na kusakinisha viraka vya usalama yenyewe, lakini inachobadilisha ni faili kwenye diski. Huduma iliyokwisha kuwashwa inaweza kuendelea na maktaba ya zamani iliyomo kwenye kumbukumbu. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ndiyo kabisa: kwa kawaida haibadiliki mpaka seva iwashwe upya. Endesha programu ya needrestart baada ya kila sasisho, itakuonyesha huduma zinazosubiri. Kisha omba ruhusa ya saa maalumu kila mwezi ya kuzima na kuwasha seva, iandikwe kwenye ratiba ya ofisi, na idara zote zijulishwe mapema.